Usiku saba, miji miwili: nilivyopanga safari ya Italia na mamangu na watoto

Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa na miji sita: Roma, Napoli, Firenze, Pisa, Venezia na Milano, na Pompei, magofu ya mji wa kale, nimeibana katikati. Niliiandika usiku mmoja kwenye daftari la shule la binti yangu, watoto wamelala, na nilipoimaliza nilihisi kama nimeshafika. Asubuhi nikampelekea mamangu barazani. Akavaa miwani, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akauliza, "Na hapa, mwanangu, tutalala saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi ndani na daftari langu.

Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka 11, binti yetu wa miaka 6, na mamangu, ambaye amepita sabini na magoti yanamsumbua. Tulikuwa na usiku saba ndani ya likizo ya Aprili. Na safari yenyewe ilikuwa ya mamangu. Alipika kwa zaidi ya miaka ishirini kwenye hoteli ya Waitaliano hapa Malindi, akajifunza lugha yao jikoni, bila kitabu. Malindi Kiitaliano si kitu kigeni. Waitaliano walijenga kituo chao cha kurushia setilaiti pale Ngomeni miaka ya 1960, na hawajaacha kuja tangu hapo. Lakini yeye, aliyewapikia miaka yote hiyo, hakuwahi kupanda ndege. Nilipomuuliza anataka kuona nini huko, alisema, "Nataka kuwaona wakiwa kwao." Nilichukulia kwamba hajanijibu, nikaendelea kuhesabu makumbusho.

Swali lake la barazani ndilo lililonifanya nianze upya. Safari hii nilichora miraba, kila siku nikaigawa mafungu matatu: asubuhi, alasiri na jioni. Kisha nikaanza kujaza yale ambayo watu hawayaandiki kwenye ratiba. Kuhama mji kunaanza kwa kufungasha mabegi ya watu watano. Ufunguo unarudishwa saa nne au saa tano asubuhi. Halafu kwenda stesheni, kungoja, treni yenyewe, kutafuta hoteli mpya, na kule chumba hakifunguliwi mpaka saa nane au saa tisa alasiri. Treni ya mwendo kasi kutoka Firenze hadi Roma ni kama saa moja na nusu tu, lakini kuhama kunakula mafungu mawili kati ya matatu ya siku hiyo. Miji sita ni kuhama mara tano. Nilipoweka alama nyekundu kwenye mafungu yote ya kuhama, yaliyobaki hayakutosha hata kuiona Roma peke yake.

Nikaanza kukata. Milano ilitoka bila maumivu. Napoli na Pompei zilitoka kwa sababu Pompei ni kutembea juani juu ya mawe kwa saa nyingi, na magoti ya mamangu yasingeimaliza. Venezia iliniuma, kwani niliitamani tangu nikiwa msichana. Lakini kila niliposoma habari zake nilikutana na madaraja ya ngazi, unapanda na kushuka, na mabegi mkononi. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Firenze ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kwa treni, na mtoto wa miaka sita akiwa amechoka kabla hajaona maji. Niliifuta mwenyewe kwa raba. Zikabaki Roma na Firenze, na Pisa ya nusu siku.

Jambo ninalojivunia zaidi ni mpangilio wa hiyo miwili. Karibu kila mtu hushukia Roma, analala Roma, kisha anakwenda Firenze na kurudi mbio kupanda ndege. Mimi nikaigeuza. Ndege yetu, tuliyoiunganisha Addis Ababa, ilitua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, alfajiri ya Jumamosi. Hoteli ya Roma isingetupokea kabla ya saa tisa alasiri, na kuzurura na watoto wenye usingizi saa zote hizo ni mateso. Basi saa hizo za kungoja nikazifanya za kusafiria. Tulipanda treni ya Leonardo Express hadi stesheni ya Termini, dakika 32, halafu treni ya Firenze. Tiketi za bei ya chini kabisa hazibadilishwi ndege ikichelewa, kwa hiyo kwa safari ile moja nilinunua za kawaida, zinazobadilishika. Siku nne za Roma zikaja mwisho, karibu na uwanja wa ndege. Italia ina migomo ya treni, inayotangazwa mapema, na siku za kazi treni za mikoa huhakikishwa kupita saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Sikutaka ndege yetu ya kurudi itegemee bahati hiyo tukiwa mji mwingine.

Viza tuliiomba Nairobi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, kwa hiyo sisi watano ilikuwa euro 360, kabla ya malipo ya kituo cha kupokea maombi. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000 za matibabu. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Nawasihi wanaokwenda na watoto waanze mapema kukusanya vyeti vya kuzaliwa. Ratiba unayoipeleka inasomwa, na ile yenye miji miwili ilikuwa rahisi kuilinganisha na hoteli tulizoweka.

Siku za kufungwa ndizo zilizoamua nini kinakaa wapi. Uffizi, makumbusho ya sanaa ya Firenze, hufungwa Jumatatu, kwa hiyo ikawa Jumapili, na Pisa ikawa Jumatatu. Jumatano asubuhi huwa kuna hadhara ya Papa Vatican na uwanja wote unajaa, kwa hiyo siku hiyo tukaenda Colosseo, ule uwanja wa michezo wa Warumi wa kale, na Kanisa la Mtakatifu Petro likasogea Alhamisi. Ijumaa niliiacha kwa ajili ya sala. Tiketi za Colosseo hufunguliwa siku 30 kabla, na jina kwenye tiketi lazima lifanane na pasipoti. Sisi tunaotumia majina matatu au manne tuwe waangalifu hapo. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi kwenye makumbusho ya serikali, hata wageni, lakini tiketi yao ya bure lazima uichukue. Kwenye treni ya Firenze hadi Roma kulikuwa na ofa ya familia ambayo mtoto chini ya miaka 15 hasafiri kwa nauli akiwa na mtu mzima anayelipa.

Ratiba niliiandika kwa saa za aina mbili. Upande mmoja saa ya tiketi, 11:20, na upande wa pili saa yetu, saa tano na dakika ishirini, kwa ajili ya mamangu. Alikuwa akiisoma kila usiku kabla ya kulala.

Jumamosi Firenze tulilala tu. Jumapili saa mbili na robo tulikuwa mlangoni Uffizi. Nilikuwa nimechagua vyumba vichache, vya wachoraji Botticelli na Leonardo, na baada ya saa moja na nusu tukatoka, watoto wakiwa bado na furaha. Hapo ndipo nilipokosea. Kuona saa bado ni mapema, nikasema tuvuke daraja la Ponte Vecchio na kupanda kwa miguu hadi Piazzale Michelangelo, mahali mji wote unaonekana. Haikuwa kwenye ratiba. Mlima haukuwa mrefu machoni pangu. Katikati ya ngazi mamangu akakaa chini, akashika goti, wala hakusema neno. Alikuwa akijitahidi nisijue. Tulishuka pole pole na kurudi hotelini kwa teksi, na jioni hiyo hakutoka chumbani. Mume wangu alinitazama tu. Usiku nikafungua daftari na kufuta mambo mawili ya Roma ambayo tiketi zake sikuwa nimenunua bado, Galleria Borghese na Castel Sant'Angelo. Baada ya hapo kila alasiri nikaandika "kupumzika", na jioni ya mwisho nikaiacha bila kitu.

Pisa ni saa moja kwa treni ya mkoa. Tiketi ya karatasi ya treni hizi igonge kwenye mashine ndogo ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo unatozwa faini. Tulishukia San Rossore, ambayo iko karibu na ule mnara ulioinama kuliko stesheni kuu. Mtoto chini ya miaka 8 haruhusiwi kupanda mnara, jambo nililolijua mapema, na binti yangu nilikuwa nimeshamwambia nyumbani. Kaka yake na babake walipanda. Sisi watatu tulikaa, tukatazama watu wakijipiga picha wameinua mikono kama wanaouzuia usianguke, na mamangu akacheka mpaka akafuta machozi. Alasiri mapema tulikuwa tumerudi.

Chakula nilikihofia kuliko yote. Nguruwe yumo mahali usipomtarajia: tambi za carbonara na amatriciana zina guanciale, ambayo ni nyama ya shavu la nguruwe, na mikate mingine hukandwa kwa strutto, mafuta yake. Nilijifunza kusema "senza maiale", bila nguruwe, lakini haikuhitajika, kwani mamangu alichukua kazi hiyo. Aliuliza kila kitu, akataka kujua mchuzi umeanzishwa na nini, na wahudumu walimjibu kwa heshima kama anavyojibiwa mpishi. Firenze alipenda pappa al pomodoro, mkate uliopikwa na nyanya mpaka ukalainika kama bokoboko. Mkate wa mezani ulimshinda. Wa Toscana haukandwi na chumvi, na yeye hakuamini mpaka alipouonja mara tatu kwenye mikahawa mitatu. Roma tulikula cacio e pepe, yaani tambi za jibini na pilipili manga, pizza ya vipande inayouzwa kwa kupimwa, na siku moja tukaenda mtaa wa zamani wa Wayahudi, ambako mikahawa ya kosher, inayofuata sheria ya chakula ya Kiyahudi, haina nguruwe hata chembe. Hoteli tuliichagua karibu na mtaa wa Esquilino makusudi. Sokoni pale kuna ndizi za kupika, bizari na wauzaji wa Kibangali, na maduka ya nyama halali hayako mbali.

Roma ilikwenda kama ilivyoandikwa, na sababu ni kwamba kilichoandikwa kilikuwa kidogo. Colosseo asubuhi, na magofu ya Foro Romano, yanayoingia kwenye tiketi ile ile, wakaenda watatu, mimi na mamangu tukabaki kivulini. Alhamisi saa moja na nusu asubuhi tulikuwa Mtakatifu Petro kabla foleni haijarefuka, na mume wangu na kijana wakapanda kuba: lifti kwanza, halafu ngazi 320. Makumbusho ya Vatican hatukuyagusa. Maji ya kunywa yanatiririka bure kwenye vibomba vya barabarani. Mawe ya barabara zile ni magumu kwa mwenye magoti, kwa hiyo alivaa raba muda wote, na basi tulilipanda hata kwa mwendo wa vituo viwili. Mtoto chini ya miaka 10 hapandi kwa nauli.

Ijumaa tulikwenda Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995, kwa treni ndogo inayotoka Flaminio hadi Campi Sportivi. Nguzo zake za ndani zinatandaa juu kama makuti ya minazi. Mamangu alikaa humo muda mrefu baada ya sala, na hatukumharakisha.

Jioni ile ya mwisho, niliyoiacha bila kitu, tulikwenda bustani ya Piazza Vittorio. Aprili jua la Roma linatua karibu saa mbili usiku, jambo ambalo watoto hawakuchoka kulishangaa. Walikimbia. Mamangu akaketi kwenye benchi, pembeni ya bibi mmoja wa Kirumi aliyekuwa na mfuko wa mboga za artichoki magotini. Wakasalimiana. Kisha nikasikia Kiitaliano cha jikoni kwetu Malindi kinaanza kumwagika. Waliongea habari ya kumenya artichoki, ya pweza wa nazi, ya wajukuu. Bibi yule akamuuliza ameona nini Italia. Mamangu akaitaja Colosseo kwa neno moja, kisha akaanza kumweleza kirefu habari ya mkate usio na chumvi wa Firenze, na yule bibi akamuunga mkono kwa mikono yote miwili, mpaka artichoki zikaanguka chini na binti yangu akaenda kuziokota.