Ekzosi: wapi ufunge klempu, wapi uchomelee

Ukifika gereji na sailensa mpya isiyo ya kiwandani, mafundi wengi wa hapa Tanga watavuta waya wa mashine ya kuchomelea kabla salamu haijaisha. Siwalaumu. Kuchomelea ni haraka, hakuhitaji spea, na kelele inakoma palepale. Tatizo linakuja siku sailensa ile inapooza, na pwani huku inaoza mapema.

Kutu ya ekzosi inakula kutoka pande mbili. Nje kuna upepo wa chumvi, na ukikaa Raskazone au ukiwa mtu wa kwenda Pangani mara kwa mara unaujua. Ndani kuna maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Gari la safari fupi, Chumbageni hadi sokoni na kurudi, halipati muda wa kuchemsha sailensa ya nyuma. Mvuke unageuka maji, unachanganyika na asidi za moshi, unatulia tumboni mwa sailensa. Ndiyo maana sailensa ya nyuma hufa kwanza ilhali bomba la katikati bado zima. Ukiwa umevichomelea pamoja, kuitoa ni kukata kwa grenda, na kila ukikata unapoteza sentimita moja au mbili za bomba zuri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: palipo na kitu kitakachobadilishwa funga klempu, yaani kibanio cha boliti, pasipofunguliwa chomelea, na mbele kabisa acha flanji ya kiwandani, ule mdomo bapa wa bomba unaofungwa kwa boliti, kama ilivyo.

Tuanze na hiyo ya mbele kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kwenye magari madogo kama IST, Vitz na wenzake, injini imelala kwa upana wa gari na huyumba mbele na nyuma kila ukikanyaga mafuta. Kiungo cha bomba la mbele kina gasketi ya duara na boliti mbili zenye springi, ili bomba licheze bila kuvunjika. Gasketi ikichakaa ekzosi inaanza kupumua, na fundi aliyechoka anaizungushia moto flanji nzima. Kelele inaisha, kisha baada ya muda manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kwenye injini) inapasuka au fleksi (kipande cha bomba kinachopinda) inachanika, maana mtikisiko lazima utokee mahali. Nunua gasketi mpya na springi mpya, kaza boliti mpaka bega lake liguse, basi. Pia uvujaji wa hapo mbele si kelele tu. Kati ya pigo moja la moshi na jingine bomba hufyonza hewa ya nje, sensa ya oksijeni inadhani mchanganyiko umepungukiwa mafuta, kompyuta inaongeza petroli. Wengine hubadilisha plagi na hata sensa yenyewe, kumbe ni gasketi.

Sasa klempu. Madukani zipo aina mbili za kufikiria. Ya U, yenye boliti iliyopinda na tandiko, ni rahisi na ipo kila mahali, lakini inabana kwa kuliponda bomba. Ikishaponda, bomba la ndani na la nje vimeshikana kwa mkunjo, na kuvitenganisha ni kazi ya nyundo na matusi. Ya mkanda mpana huzunguka bomba lote na kulibana sawasawa bila kuliharibu umbo. Ndiyo ninayoipendelea nyuma. Ukiweza kupata ya chuma kisichoshika kutu, lipa tofauti ya bei bila kunung'unika.

Klempu haizibi pengo, inabana tu. Hapo ndipo kazi nyingi zinapofeli. Pima kwa venia, kile kipimo cha meno mawili cha kupimia kipenyo, usikisie kwa jicho: bomba la inchi 2 lina milimita 50.8 kwa nje, la inchi 2 na robo lina 57, la 2 na nusu lina 63.5. Na bomba za magari ya Kijapani hazifuati inchi kila mara, kwa hiyo sailensa ya dukani yaweza kuwa kubwa kidogo au ndogo kidogo kuliko bomba lako. Tofauti ya kipenyo ikizidi milimita moja, usiilazimishe. Tafuta adapta au mwambie fundi apanue mdomo wa bomba. Mabomba yaingiliane sentimita 4 hadi 5. La upande wa injini liingie ndani ya la nyuma yake, ili moshi upite juu ya kiungo badala ya kugonga ukingo. Kama bomba la nje ni gumu kubanika, lichanwe mipasuo miwili au minne ya sentimita 3 hivi, na mipasuo isivuke mwisho wa bomba la ndani, la sivyo umejitengenezea njia ya kuvujia.

Safisha pande zote mbili kwa msasa hadi chuma king'ae, paka gamu ya ekzosi kidogo kwenye bomba la ndani, ingiza, kisha weka klempu karibu na ukingo wa bomba la nje, kama milimita 8 kutoka mwisho. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za boliti. Kwa chumvi ya huku, bila grisi utakuja kuikata. Klempu ya U yenye boliti ya milimita 8 inatosha kwa nguvu ya kukaza ya nyutonimita (Nm) 20 hadi 25. Kaza nati kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Nati zielekee juu au ubavuni, maana zikitazama chini zitakutana na matuta ya barabarani.

Kabla ya kukaza mwisho, ning'iniza mfumo wote kwenye raba zake na uutikise kwa mkono. Uwazi usipungue milimita 25 kutoka bodi, bomba za breki na tenki. Raba ikiwa imevutika upande mmoja, klempu itabeba uzito ambao si wake na kiungo kitazunguka chenyewe njiani, hasa kwa kona za Mombo kupanda Lushoto.

Katikati ndipo moto una faida. Bomba la ekzosi lina unene wa milimita 1.2 hadi 1.5, na fundi wa mageti akija na rodi ya kuchomelea ya milimita 2.5 na ampia za mageti, anatoboa kisha anaziba matundu kwa matone. Rodi ya milimita 2, ampia 40 hadi 55, inatosha. Iwe kavu, rodi iliyokaa wazi kwenye unyevunyevu wa Tanga hutoa mshono wenye vitundu. Gonga bomba la zamani kwa nyundo ndogo kwanza: likibonyea, endelea kukata mpaka ufike kwenye chuma kizima. Chomea vidonda vinne vya kushikiza, angalia mstari, halafu malizia kwa vipande vya sentimita 2 ukipokezana pande.

Bomba likiwa la chuma kisichoshika kutu na jingine la kawaida, rodi iwe ya 309, ya kuunganishia vyuma hivyo viwili. Sumaku haitakwambia kila kitu hapo, kwa sababu daraja la 409, linalotumika sana kwenye ekzosi, linashika sumaku. Na ukatae kipande cha bomba la maji la mabati hata kama ni bure. Ni kizito, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na baridi jioni.

Ondoa waya hasi wa betri kabla mashine haijawashwa. Kibanio cha ardhi cha mashine ya kuchomelea kifungwe kwenye bomba lenyewe, karibu na mshono, siyo kwenye chasi upande wa pili. Karibu na tenki weka gunia bichi na mtungi wa kuzimia moto. Mshono ukipoa, ondoa maganda, sugua kwa brashi ya waya, paka rangi inayohimili nyuzijoto 600, na upake pia sentimita mbili kila upande, kwa sababu kutu huanzia pembeni mwa mshono ambako joto limeunguza kinga ya bomba.

Kupima, washa injini ikiwa baridi, mtu azibe mkia kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache, wewe nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo. Povu likichemka, panavuja. Halafu endesha mpaka Muheza na kurudi, acha ipoe kabisa, kaza klempu tena. Baada ya hapo, ukiona masizi meusi kwenye ukingo wa klempu usiongeze kukaza. Fungua, pima kipenyo upya.