Siku ya nne Utrecht, jembe bado sijapewa

Saa 1 asubuhi. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar. Wenyeji wangu hapa Uholanzi ni mume na mke wastaafu niliowatembeza zamani. Waliniambia, "Njoo nawe utembezwe," na wakatimiza. Leo ni siku ya nne, na hata vyombo hawaniachii nioshe.

"Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Hilo alilishika Zanzibar, hajalisahau. Ananifungia mkate wa njiani na jibini ya Friesland yenye karafuu nzima ndani yake. Jina lake ni nagelkaas, yaani jibini ya misumari, kwa sababu Waholanzi karafuu huiita msumari. Itazame karafuu kavu, kikonyo na kichwa chake, utaona hawakukosea.

Saa 3. Baba amenishushia kiti cha baiskeli, anatangulia, nami namfuata hadi stesheni. Maegesho ya baiskeli ya pale yako chini ya ardhi, nafasi 12,500.

Saa 5. Mnara wa Dom, ndio hasa nilioujia. Una mita 112 na vidato 465, ulikamilika mwaka 1382, na huruhusiwi kupanda bila mtembezaji. Wetu alikuwa kijana mpole. Kabla hatujapanda alitusimamisha kwenye uwanja kati ya mnara na kanisa, akauliza, "Hapa mko ndani au nje?" Tukajibu nje. Akasema hapo ni ndani ya kanisa: tufani ya mwaka 1674 iliangusha sehemu ya katikati na haikujengwa tena hadi leo. Hakuongeza neno, akatuacha tutazame.

Nilisahau kupiga picha. Beit al-Ajaib, jumba letu la kale Mji Mkongwe, liliporomoka upande mmoja mwaka 2020, na tangu hapo nikifika pale na wageni huharakisha, kama mtu anayeficha msiba. Kumbe pengo nalo lina lake la kusema. Nikirudi nitawasimamisha wageni palepale.

Juu kuna kengele zilizotengenezwa mwaka 1505, kubwa kuliko zote ina zaidi ya tani 8. Magoti bado yanauma.

Saa 8 mchana. Treni hadi Leiden. Nimekula mkate wangu kando ya mfereji, nikasoma mashairi yaliyoandikwa kutani kwa lugha chungu nzima, nikaingia bustani ya chuo kikuu iliyoanzishwa mwaka 1590. Mvua ikanirudisha mapema.

Saa 12 jioni. Hapa ndio wakati wa chakula cha usiku. Leo nimekataa katakata kukaa, nimepika pilau kwa karafuu za Pemba. Nikawasimulia: kampuni ya Waholanzi iliwahi kung'oa mikarafuu visiwani Maluku ili bei isishuke, mpaka Wafaransa wakachukua miche kwa siri wakaipeleka Mauritius, na baadaye zao hilo likafika kwetu. Baba alinyamaza. Akaenda kuleta ramani, tukaitandaza kando ya sahani, akafuata njia ile kwa kidole mpaka Pemba.

Saa 4 usiku. Kesho ni Delft. Mama ameniandikia saa za treni kwenye karatasi, na juu ya begi langu ameweka kipande kizima cha nagelkaas, nikawaonjeshe nyumbani.