Chupa ya Saint-Julien ya mwaka 2000
Jana usiku tulifungua Château Léoville Barton ya mwaka 2000, divai nyekundu ya Saint-Julien, kaskazini mwa Bordeaux nchini Ufaransa, ambayo mwenyeji wetu aliilaza kwa miaka mingi mahali penye giza na ubaridi usiobadilika ili kizibo kisikauke. Tangu juzi aliisimamisha wima, mashapo yakatulia chini, kisha akaimimina polepole katika jagi la kioo.

Zabibu za Cabernet Sauvignon, ambazo ndizo nyingi humo, huipa divai changa tanini inayokausha ulimi. Katika hii ukali huo umelainika, na nilinusa mti wa mwerezi, tumbaku na matunda meusi. Glasi ya kwanza ilikuwa na harufu hafifu, lakini baada ya saa moja hivi ikafunguka vizuri. Tuliinywa ikiwa na nyuzi 17, kwa sababu ule ushauri wa "joto la chumba" ulifaa nyumba za zamani za Ulaya, zilizokuwa baridi kuliko za leo. Shamba la Léoville Barton limo katika daraja la pili la orodha ya 1855, iliyopanga mashamba bora ya divai ya Bordeaux kwa madaraja, ingawa mimi, nikiwa na mguu wa kondoo wa kuokwa mbele yangu, sikuona upungufu wowote.