Kabla hujanunua saa ya kupimia moyo, niambie unafanya zoezi gani

Karibu kila tukimaliza mazoezi ya alfajiri pale Maisara, hapa kwetu Zanzibar, hutokea mmoja akanivuta pembeni: "Mwalimu, ninunue saa gani ya kupimia mapigo ya moyo?" Ameshaamua kuwa ni saa, anataka jina tu. Mimi humrudishia swali: wewe unafanya zoezi gani? Maana kinachomtosha anayetembea kutoka Kikwajuni hadi Mnazi Mmoja akirudi na mkate wake, hakimtoshi anayekimbia mbio za kasi na kupumzika, kasi na kupumzika. Na tusisahau sisi wa aerobiki, tunaorusha mikono, tunaoruka na kupiga pushapu katika nusu saa moja.

Vyombo hivi husoma moyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya umeme. Kila pigo la moyo linaanzishwa na umeme mdogo wa mwilini, na mkanda unaofungwa kifuani, chini ya matiti, unaunasa umeme huo kupitia ngozi. Ni umeme ule ule unaochorwa na mashine ya ECG hospitali, ila mkanda una sehemu mbili tu za kugusa na kazi yake ni kuhesabu mapigo, haichunguzi maradhi. Si jambo la jana hili. Kampuni ya Polar ya Finland ilianzishwa mwaka 1977, na mwaka 1982 ikatoa kipimo cha kuvaliwa kisichokuwa na waya, mkanda kifuani na saa mkononi.

Njia ya pili ni ya mwanga. Igeuze saa janja yoyote utaziona taa zake za kijani. Damu inaumeza mwanga wa kijani. Moyo unaposukuma, damu kwenye ngozi inaongezeka na mwanga unaorudi unapungua. Damu ikipungua, mwanga unarudi mwingi. Chombo kinahesabu huko kupanda na kushuka. Kwa hiyo mkanda unaisikia ngoma pale pale inapopigwa, na saa inausikia mwangwi wake ulipofika mkononi.

Mtu akiwa amekaa au anatembea taratibu, mwangwi huo unatosha kabisa. Tabu inaanza mkono unapochezacheza. Kifundo cha mkono kina mifupa na mishipa migumu, nyama ni kidogo, na ukikikunja kwa pushapu damu inabanwa na saa inainuka kidogo juu ya ngozi, mwanga wa nje unaingia. Kwenye mbio kuna jambo zaidi: hatua za mkimbiaji huwa 160 hadi 180 kwa dakika, na mtikisiko wa hatua hizo unafanana mno na mapigo ya moyo. Saa inaweza kuzishika hatua ikadhani ni moyo. Utamwona mtu anakimbia mbio za pole, anaongea na mwenzake bila shida, na saa yake imegota kwenye 172. Hapo usishtuke na wala usijisifu. Simama, weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 15 halafu zidisha kwa 4. Vidole vyako havihitaji chaji, na ndivyo nivitumiavyo kukisahihisha chombo chochote, cha bei yoyote.

Halafu kuna kuchelewa. Ukikimbia kwa nguvu nusu dakika kisha ukapumzika, saa ya mkononi mara nyingi huja kukuonyesha namba kubwa wakati umeshaanza kuvuta pumzi. Kwa anayefanya mazoezi ya namna hiyo, namba iliyochelewa haimsaidii kitu.

Katikati ya saa na mkanda kipo chombo ambacho wengi wetu hawakijui, nami ndicho ninachokipigia debe: kihisi cha mwanga kinachovaliwa kwenye mkono wenyewe, chini kidogo ya kiwiko au juu yake, kwa mkanda wa kitambaa unaonyumbulika. Kinatumia taa zile zile, lakini pale pana nyama, hapachezi kama kifundo, na kitambaa kinakikaza bila kuumiza. Polar wana Verity Sense, iliyotoka 2021, na kabla yake OH1. Wako pia Coospo, wa bei nafuu zaidi. Hakina kioo cha kutazama; kinatuma namba kwenye simu au kwenye saa yako.

Kwa kinamama wa kwetu naona hiki ndicho hasa. Mkono wa kanzu au wa fulana ndefu unakifunika na hakuna ajuaye umevaa nini. Mkanda wa kifua ni mzuri, mimi mwenyewe nauvaa siku za mbio za kasi, lakini lazima ukae kwenye ngozi, chini ya sidiria ya michezo. Ukiteleza huwezi kuurekebisha katikati ya uwanja, watu wanapita njia nzima kuelekea kazini. Anayeutaka aufunge nyumbani, aloweshe maji zile sehemu zinazogusa ngozi, aukaze hata akiinua mikono hautelezi, ndipo atoke. Asijipake mafuta ya nazi wala losheni pale kifuani kabla ya kuufunga, maana mafuta yanazuia mguso na namba zinarukaruka dakika za mwanzo mpaka jasho litoke. Kwa joto letu, alhamdulillahi, jasho halichelewi.

Hapa niseme jambo ninaloulizwa kwa sauti ya chini: je, vyombo vya mwanga vinafanya kazi kwenye ngozi nyeusi? Swali ni la haki. Rangi ya ngozi nayo inameza mwanga, na wa kijani hasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilichunguza jambo hilo na kutoa matokeo mwaka 2020. Waliwapima watu 53 wenye ngozi za rangi mbalimbali, na hawakuona tofauti ya maana ya usahihi kati ya ngozi nyeupe na nyeusi. Walichokiona ni tofauti kati ya chombo na chombo, na kwamba mwili ukiwa kwenye harakati makosa yalikuwa makubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko ukiwa umetulia. Nimefarijika kwa hilo. Hata hivyo sinunui kwa kusoma tu. Nakijaribu kwenye ngozi yangu mimi.

Lakini piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, ni habari nyengine. Apple wenyewe wanasema wino wa chale unaweza kuuzuia mwanga wa saa yao, na piko, nyeusi ilivyo, nimeiona ikifanya vivyo hivyo. Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unapoingia na harusi zinafuatana, mikono yetu huwa imechorwa maua mpaka karibu na kiwiko. Kihisi kikikaa juu ya ua lililokolea namba zinapotea. Kisogeze penye ngozi tupu zinarudi. Mwenye piko basi akivae juu ya kiwiko, au siku hizo avae mkanda wa kifua. Hina ya kawaida ile nyekundu haijanisumbua.

Sasa umeshapata namba. Ya nini? Vyombo vingi vinakugawia mazoezi kwa ngazi: mepesi, ya wastani, mazito. Ngazi hizo zinapigwa kutokana na mapigo ya juu kabisa unayotarajiwa kufikia, na hesabu iliyozoeleka ni 220 ukitoa umri. Mwenye miaka 60 anapata 160. Ipo hesabu nyengine iliyotolewa mwaka 2001, 208 ukitoa umri uliozidishwa kwa 0.7, ambayo kwa mtu huyo huyo inatoa 166. Zote ni wastani wa watu wengi. Moyo wako unaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa mapigo 10 na zaidi, na ukawa mzima kabisa. Kwa hiyo saa ikikwambia umevuka mpaka, sikiliza na pumzi yako pia. Ukiweza kuongea sentensi lakini huwezi kuimba, hiyo ni kasi ya wastani. Ukitoa maneno mawili matatu tu ukakatika, ni nzito.

Hili linanigusa zaidi kwa wenzetu wa presha, na katika kikundi chetu si wachache. Baadhi ya dawa za presha na za moyo, kama atenolol, bisoprolol na propranolol, kazi yake mojawapo ni kupunguza mapigo. Saa haijui kuwa umemeza kidonge. Inapiga hesabu kwa umri wako, inaona mapigo yako yako chini, inakusukuma uongeze kasi. Tunaye mama mmoja, mtu mzima, mwenye bidii ya kupigiwa mfano, ambaye saa ilikuwa ikimwambia kila siku kuwa anafanya zoezi jepesi huku anahema mpaka anashika magoti. Nikamwomba azizime zile ngazi na amuulize daktari wake ni mapigo mangapi yanamfaa. Nakuomba na wewe unayesoma: kama unameza dawa, muulize daktari kabla ya kuamini ngazi zinazoonyeshwa kwenye kioo cha saa. Na ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha zoezi uende hospitali, hata kama namba ni nzuri. Vyombo hivi havikutengenezwa kukwambia kuwa moyo wako hauna maradhi.

Hali ya hewa nayo imo. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Februari, mwendo ule ule ulioufanya mwezi wa Julai kwenye upepo wa kusi utakupa mapigo mengi zaidi. Moyo unafanya kazi mbili, kulisha misuli na kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Mwezi wa Ramadhani, kwa wanaokimbia kabla ya futari, ni hivyo hivyo kwa sababu ya upungufu wa maji. Chombo hakijaharibika. Punguza mwendo.

Upande wa kununua. Darajani na Mlandege zimejaa saa za kila rangi, nyengine zimeandikwa majina makubwa ambayo si yao. Watu wamezoea kuweka saa juu ya ndizi au chupa, ikisoma wanasema feki. Jaribio hilo silitegemei, kwani hata saa halisi inaweza kusoma kitu kisicho na damu, taa zinatafuta mpigo wowote. Uliza kwanza kama chombo kinaongea kwa Bluetooth ya kawaida au ANT+, njia nyengine ya kutuma namba bila waya, ili kisomwe na programu yoyote ya mazoezi na hata na saa utakayoinunua baadaye. Vingi vya bei rahisi vinafanya kazi na programu yao peke yake, na siku programu ikifa na chombo kimekufa.

Betri pia itazame kwa macho ya hapa kwetu, umeme unapokatika. Mkanda wa Polar H10 unatumia betri ya duara, CR2025, na watengenezaji wanasema inakwenda saa 400. Betri hizo utazipata kwa mafundi saa. H10 hucheza kwenye dola 100 huko nje, si pesa ndogo, na wengi wetu tunaagiza kwa jamaa wanaokuja kutoka Maskati au Dubai. Ukiagiza, taja saizi ya mkanda, kwani ziko mbili, na ukiletewa isiyokuenea utakuwa unaupandisha kila dakika.

Waogeleaji, Bluetooth haipiti majini, kwa hiyo msitarajie simu iliyobaki ufukweni isome kitu. Tafuteni kinachohifadhi namba ndani yake. Verity Sense inafanya hivyo, na inakuja na kishikizo cha kuibana kwenye miwani ya kuogelea ikasoma kwenye panja, ubavuni mwa paji la uso. Chumvi ioshwe kwa maji baridi kila mara, mkanda utolewe kwenye kihisi chake, uanikwe kivulini.

Kwa ufupi wa mfuko: anayetembea tu, ile bangili rahisi inamtosha, na vidole vinamtosha vilevile. Wa aerobiki na mbio za kawaida, kihisi cha mkono. Vijana wa mpira na wakimbiaji wa kasi, mkanda wa kifua, hata kama itabidi muweke akiba miezi kadhaa. Na dukani mwambie muuzaji akifungue. Kivae, kaa kitako dakika mbili, hesabu mapigo yako kwa vidole ulinganishe. Kisha panda ngazi za karibu mara kadhaa ukihema, uhesabu tena papo hapo. Tofauti ya mapigo matatu manne haina neno. Ikiwa ni ishirini, au muuzaji hataki ukijaribu, mshukuru uende duka jengine.