Siku Moja Maishani Mwangu: Mlinzi wa Viota vya Kasa, Malindi

Saa 11 alfajiri. Maji yamekupwa. Natembea ufuoni nikitafuta mburuzo wa kasa, na naupata: katagia chini mno, bamvua likija kiota kitalowa. Kuhamisha ni sasa hivi. Saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishika kwenye ganda, na ukiligeuza yai waweza kukiua.

Saa 1. Tunachimba shimo jipya kwa kina kilekile. Mwenzangu anataka kivuli cha mvinje. Nakataa, naye ananuna. Kasa hawana kromosomu ya kuamua dume au jike. Joto la mchanga ndilo huamua, na kivuli hulipunguza. Mpaka ni kama nyuzi 29 za Selsiasi: chini yake madume huzidi, juu yake majike.

Saa 4. Chai, mahamri, kujaza fomu.

Saa 8. Wanafunzi wamekuja. Kijana mmoja anauliza joto huingiaje kwenye DNA. Swali tamu! Mwanzoni, namwambia, kijusi kina kiungo kinachoweza kuwa korodani au ovari, na DNA ni ileile. Kinachotofautisha ni protini zilizokaa juu yake. Watafiti wa China na Marekani waliifuatilia njia hiyo kwa kobe wa majini wa Marekani, si kasa wetu. Kwenye nyuzi 26, protini KDM6B huondoa alama za kemikali zinazoifunga jeni Dmrt1. Jeni hiyo ikifunguka hutoa protini ambayo nayo hushika DNA na kuanzisha njia ya kiume. Kwenye nyuzi 32, protini STAT3 huamka, ikaenda kukaa juu ya jeni ya KDM6B yenyewe na kuizima. Dmrt1 hubaki imefungwa, ovari huota. Mwaka 2018 walipoidhoofisha KDM6B kwenye mayai ya nyuzi 26, zaidi ya asilimia 80 ya vijusi vilivyosalimika vikaelekea kwenye ovari. Joto lilikuwa la kiume, matokeo ya kike.

Saa 11 jioni. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akisikiliza huku akishona nyavu, ananiita.

“Mwanangu, joto likizidi, madume watatoka wapi?”

“Ndiyo hofu yetu, mzee. Kaskazini mwa Great Barrier Reef, ile miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, kasa wachanga waliopimwa walikuwa majike kwa zaidi ya asilimia 99.”

“Basi tupande mivinje.”

Namwambia hapana, mizizi yake hupenya viotani. Kivuli cha makuti ndicho tunaweza kukijaribu, na kwa viota vichache tu.