Suruali Moja ya Bugaluu

Ndani ya bahasha ya kaki ninayoihifadhi pamoja na vyeti vyangu zimo picha tatu za studio, nyeusi na nyeupe, zilizopigwa siku moja mwishoni mwa mwaka 1977. Katika ya kwanza amesimama binamu yangu, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya meza ndogo yenye simu isiyounganishwa na waya wowote. Katika ya pili yupo rafiki yetu wa nyumba ya pili, na katika ya tatu nipo mimi. Mashati ni tofauti na nyuso ni tofauti, lakini suruali ni moja. Tulikuwa tukiivua na kupokezana nyuma ya pazia, huku mpiga picha akitusubiri bila kuuliza neno, kwa kuwa sisi hatukuwa wa kwanza kumfanyia hivyo.

Kitambaa cha suruali ile alikileta shangazi yangu kutoka Mombasa. Kilikuwa krimplini ya rangi ya kahawia, nzito, isiyojikunja hata ukiilalia, naye alikinunua kwa ajili ya gauni lake mwenyewe muda mfupi kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa mwezi Februari 1977. Mpaka ule ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983, na wengi huukumbuka kwa habari za kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisi vijana wa Magomeni, Dar es Salaam, tuliuelewa kwa njia nyingine: vitambaa vya nje viliadimika, na hata santuri za bendi zetu wenyewe, ambazo zilikuwa zikichapwa Nairobi kwa sababu nchini hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa, zikawa shida kupatikana. Shangazi alipotuona tunavyokizungukia kile kitambaa kila tulipoingia chumbani kwake kumwamkia, alituita akatukabidhi, akasema gauni analo la kutosha.

Fundi wetu alikuwa na cherehani yake barazani, Magomeni Mapipa. Alikitandaza kitambaa, akakipima kwa shubiri kabla ya kukipima kwa tepu, kisha akatuambia, "Wajomba, hapa inatoka suruali moja tu. Nielezeni ni ya nani." Tulimjibu kuwa ni yetu sote. Hakucheka wala hakushangaa. Alitupima mmoja baada ya mwingine, akachukua kiuno cha rafiki yetu aliyekuwa mnene kuliko sisi, akachukua urefu wa binamu yangu aliyekuwa mrefu, na upana wa chini akautia inchi 24, jambo ambalo lilikuwa la kishujaa kwa kipimo cha mtaa wetu. Mimi niliyekuwa mfupi nilitakiwa kuivaa pamoja na viatu vya raizoni tu, ili ile soli nene iniinue na pindo lisiburuze. Bugaluu iliyoshonwa vizuri ilipaswa kukifunika kiatu chote, ibaki ncha ya mbele peke yake, na kutoka gotini hadi chini ifunguke bila kukatika, kama tarumbeta. Ilipokamilika tuliona kwamba fundi alikuwa ameacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma, na nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amekwisha kuwaza miaka mingi mbele yetu.

Tukawekeana zamu, kila mtu Jumamosi yake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo mishahara ilikuwa imetoka na kumbi zilijaa, haikuwa na mwenyewe. Tuliipigia kura kwa njiti za kiberiti.

Maandalizi yalianza saa tisa alasiri. Pasi ilikuwa ya mkaa, yenye kile kijogoo cha chuma mbele cha kufungulia mfuniko, na krimplini haipatani na moto. Kwa hiyo tulitandika kitambaa kibichi juu ya suruali, tukaipitisha pasi mbio mbio, tukakinyanyua kitambaa kutazama, tukarudia tena. Nywele nazo zilikuwa na kazi yake. Afro haikuwa ya kuachwa iote tu; ililowekwa, ikapakwa mafuta, ikachanuliwa kwa chanuo la meno marefu kuanzia shinani, kisha ikapigwapigwa kwa viganja hadi ikawa mviringo usio na upande. Chanuo lenyewe lilitiwa mfuko wa nyuma, mpini ukichungulia nje. Yule ambaye zamu haikuwa yake ndiye aliyemtengeneza mwenye zamu, na nakumbuka kwamba kazi hiyo niliifanya kwa moyo uleule niliokuwa nao zamu ilipokuwa yangu.

Tulikuwa na mahali pengi pa kwenda. Bendi ya NUTA Jazz, iliyogeuka kuwa Juwata Jazz, ilikuwa na mtindo wake wa Msondo na mashabiki wake pale Amana, Ilala. Orchestra Maquis, iliyoundwa na wanamuziki waliotoka Zaire, ilikuwa ikipiga katika ukumbi wa White House, na aliyekwenda huko alikwenda kusikiliza magitaa na kutazama jinsi wanamuziki wenyewe walivyovaa, kwa maana mtindo mwingi ulioonekana Kariakoo mwezi huu tulikuwa tumeuona jukwaani kwao mwezi uliopita. Mwimbaji Marijani Rajabu alikuwa na bendi ya Dar International. Kisha mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Gurumo akatoka Juwata, ikazaliwa bendi ya Mlimani Park na mtindo wake wa Sikinde, na mtaa wetu ukagawanyika. Kulikuwa na nyumba ambazo baba alikuwa wa Msondo na mtoto wa Sikinde. Sisi watatu tulikuwa Sikinde, na nitabaki Sikinde mpaka naingia kaburini.

Sijui kama vijana wa sasa wanaweza kuelewa namna tulivyousikiliza wimbo mpya. Mara nyingi tuliusikia ukumbini kwanza, kabla bendi haijakwenda kuurekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kuanza kurushwa hewani, hivyo aliyekuwepo Jumamosi alirudi mtaani Jumapili akiwa na habari ya kuwasimulia wenzake. Bendi ilianza polepole, saa tatu usiku, kwa kupiga ala tupu. Kisha waimbaji walisogea mbele ya maikrofoni, na sehemu ya mwanzo ya wimbo ilikuwa ya maneno: mke aliyeachwa, ndugu waliogombania urithi, mlevi aliyesahau watoto. Watu walicheza kwa utulivu, wawili wawili, masikio yakiwa jukwaani, na wapo waliosimama kabisa ili wasikose mstari. Halafu tarumbeta na saksafoni ziliingia, gitaa la solo likabadilisha mwendo, na hilo ndilo tulilokuwa tukilisubiri, chemko. Hapo ndipo bugaluu ilipoonyesha maana yake. Pindo lake halitembei pamoja na mguu, bali huchelewa kidogo. Mguu ukiwa umekwisha kusimama, lenyewe linamalizia safari. Mchezaji hodari alijua kuusubiri ule ucheleweshaji na kuuingiza ndani ya mdundo, hivi kwamba ukiwatazama watu ishirini wa mstari mmoja chini ya zile taa za rangi, uliona sakafu yote ya saruji inapepea. Binamu yangu alikuwa hodari wa jambo hilo kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na ninaandika hivi nikiwa nimekwenda dansini miaka arobaini.

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa yangu. Nilivaa, nikafika ukumbini, nikakaa kwenye kiti usiku kucha.

Dada yake binamu yangu, aliyetutangulia kwa miaka kumi hivi, alikuwa akitutazama tunavyojipamba na kutuambia kwamba tuna bahati. Yeye alikuwa msichana wakati Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa mwaka 1968, ambayo ilipiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua, na utekelezaji wake ukapangwa kuanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo kulikuwa na wasichana walioshushwa kwenye mabasi na kuzomewa Kariakoo. Alitusimulia jinsi alivyojifunga khanga juu ya sketi yake kutoka nyumbani hadi mlangoni mwa ukumbi, akaikunja na kuitia kwenye mkoba, kisha akajifunga tena alfajiri wakati wa kurudi. Alipofika umri wa kuvaa apendavyo bila kubughudhiwa alikuwa na watoto, akawa anavaa gauni la maksi na viatu vya mchuchumio kwenda harusini tu. Naona dhuluma kubwa katika jambo hilo, na sijawahi kushawishika kwamba sketi ya msichana wa Ilala iliweza kuudhuru uhuru wa nchi.

Baada ya vita vya Kagera maisha yalikaza kweli kweli. Sabuni, sukari na khanga vilipatikana kwa foleni, bia ilikuwa ya mgawo, na mafuta ya magari yalikuwa haba kiasi kwamba magari ya binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia mchana. Dansi halikufa. Tulitembea kwa miguu kutoka Magomeni, makundi kwa makundi, viatu vya raizoni tumevishika mkononi ili soli zisiliwe na lami, na karibu na ukumbi tuliketi kwenye ukingo wa mtaro, tukapangusa miguu, tukavivaa. Mwaka 1983, ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi na vijana wakawa wanakamatwa mitaani mchana kwa kuonekana hawana shughuli, mwenye zamu aliibeba suruali ndani ya mfuko wa karatasi akiwa amevaa nguo za kazi, kwa kuwa kijana aliyependeza saa za kazi alikuwa wa kwanza kuulizwa kitambulisho.

Ilikuwa wakati wa shida hizo ndipo suruali ilipoungua. Rafiki yetu alikuwa akipiga pasi, kijogoo kikalegea, kaa moja likaruka likatua juu ya paja la kulia. Krimplini haiungui kama pamba. Inayeyuka, inajikunja, na kuacha tundu lenye ukingo mgumu mweusi. Hakusema kitu. Alikaa chini, akaishika suruali mapajani mwake kama mtu aliyeshika mtoto mgonjwa. Tulimpelekea fundi jioni ileile. Alifungua mshono wa nyuma, akaitoa ile akiba aliyoiweka tangu 1977, ambayo haikupata kuona jua na rangi yake ilikuwa imekoza kuliko suruali yenyewe. Akakata vipande viwili, akashona mfuko mkubwa wa kubandika juu ya tundu na mwingine kama huo upande wa kushoto, ili isionekane kwamba kuna kilichofichwa. Hatukuweza kumlipa mwezi ule, wala hakutudai. Baada ya majuma machache niliona ukumbini vijana wawili wamebandika mifuko ya namna hiyo mapajani.

Mwaka uliofuata suruali pana ziliisha. Wadogo zetu walikuwa wamehamia kwenye disko, wakicheza brekidansi na kutia nywele kalikiti, na mara baada ya biashara kulegezwa mitumba ilianza kumwagika, ikawa kijana anaweza kununua suruali tatu kwa siku moja bila kujuana na fundi yeyote. Sikuichukia mitumba, kwa kuwa ilivika watu waliokuwa uchi. Lakini baraza za mafundi zilianza kupungua watu, na hilo lilinihuzunisha, na linanihuzunisha hadi leo.

Tuliamua suruali ipunguzwe. Kabla ya hapo ilibaki Jumamosi moja, ya mwisho wa mwezi, ambayo Mlimani Park, wakati huo ikiitwa DDC Mlimani Park, walikuwa wakipiga katika ukumbi wa DDC Kariakoo. Tulivuta njiti za kiberiti na rafiki yetu akashinda. Akanitazama, akaichukua suruali kutoka kwenye kamba, akanitupia, akasema, "Vaa wewe, kaka. Leo wewe ndiye una mtu wa kumwonyesha." Ni kweli nilikuwa naye, na ndiye mama wa watoto wangu.

Rafiki yetu huyo alitangulia mbele ya haki miaka michache iliyopita. Watoto wake walinijia kutafuta picha ya ujana wake, wakaondoka na ile ya studio, wakaibandika ukutani nyumbani kwao siku zote za msiba. Wazee wa Magomeni walioingia kutoa pole waliisogelea, wakaitazama usoni, kisha macho yakashuka taratibu mpaka chini. Waliponirudishia niliishika kwenye mwanga kabla ya kuitia katika bahasha. Ilikuwa na matundu manne ya pini, moja katika kila pembe.