Leso 41 za mamangu: kumbukumbu ya darasa la tovuti

Wiki ya 1

Nina miaka 51, nauza vitambaa hapa Mombasa, na tangu Jumanne mimi ni mwanafunzi. Darasa ni la kutengeneza tovuti, la jioni, saa kumi na mbili hadi saa mbili, mara mbili kwa wiki. Tuko kumi na wanne: vijana wengi, karani mstaafu wa bandarini, dereva wa tuktuk anayeingia na ufunguo mkononi kila siku kana kwamba ataitwa wakati wowote, na mimi. Mwalimu ni rika la kitindamimba wangu. Namwita mwalimu, ananiita mama, tunaelewana.

Kila mtu ametakiwa achague mradi. Wengi wamechagua biashara zao. Mimi nimechagua sanduku la leso aliloacha mamangu. Nimezihesabu, ni 41, na baadhi bado ni doti nzima, hazijaguswa na mkasi. Nataka kila leso iwe na picha yake, jina lake, na maneno mawili matatu ya ilivyomfikia. Dukani kwangu mteja husoma jina kwanza, rangi huja baadaye. Tovuti nayo nataka isomwe hivyo.

Usiku wa kwanza sikufika mbali. Niliandika ukurasa kwenye Notepad, programu ya kuandikia maandishi matupu, nikauhifadhi kwa jina index.html kama tulivyofundishwa, nikaubofya. Yakafunguka maandishi matupu na mabano yake yote. Nilikaa nao nusu saa. Kumbe kompyuta ilikuwa imebandika ".txt" mwishoni mwa jina, kisha ikaificha nisiione. Sijui mtu aliyeona ni vyema kuficha nusu ya jina la faili alikuwa anamlinda nani.

Jingine ni hili neno "kodi", yaani maandishi tunayoiandikia kompyuta. Mwalimu akisema "fungueni kodi zenu" mimi moyo unaruka. Kodi ninayoijua ni ya nyumba, na hulipwa kabla ya tarehe tano.

Wiki ya 2

Tegi, yaani zile alama za mabano zinazoiambia kompyuta kila kipande cha ukurasa ni nini. Hazina ugumu: unafungua, unafunga, ukisahau kufunga ukurasa wote unageuka herufi nene. Mwalimu alitueleza habari za Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyetoa pendekezo lake la mtandao wa tovuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti cha Uswisi, ili watafiti waweze kusomeana kazi zao kupitia kompyuta. Tovuti ya kwanza ilifuata mwaka 1991. Mwaka huo mimi nilikuwa nakunga leso za watu kwa cherehani.

Jambo moja nililigundua mwenyewe. Mfano tuliopewa ulikuwa na lang="en" juu kabisa, na darasa zima tuliunakili ulivyo. Kwa hiyo kila nikifungua ukurasa wangu, kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kinaambiwa haya ni maandishi ya Kiingereza. Simu ya asiyeona, ile inayosoma kwa sauti, ingeyatamka majina ya leso Kizungu! Nimeweka "sw". Herufi mbili tu, lakini nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mrefu kidogo.

Wiki ya 3

Wiki hii tumeingia CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, na siku hiyo ndiyo niliyojua nitamaliza darasa hili.

Mwalimu alianza kwa historia. Kanuni za CSS zilipitishwa rasmi Desemba 1996, miaka miwili baada ya Mnorwe Håkon Wium Lie kutoa wazo hilo. Mwaka huo nilikuwa nanyonyesha kifungua mimba wangu. Kisha akachora sanduku ubaoni, akasema kila kitu kwenye ukurasa ni sanduku, na kila sanduku lina yaliyomo, padingi, boda na majini. Dereva wa tuktuk akauliza boda zimeingiaje humu. Mimi nilishtushwa na lile la mwisho. Majini, Mombasa, saa moja usiku? Karani mstaafu alivuta uradi chini kwa chini.

Lakini nilipoutazama ule mchoro nikaona leso. Katikati pana mji, hayo ndiyo yaliyomo. Pembeni kote pana pindo, hilo ndilo boda. Padingi ni nafasi unayoiacha kati ya michoro ya mji na pindo ili visisongamane. Na majini ni pale mkasi unapopita kati ya leso mbili unapoikata doti. Nilinyoosha mkono nikasema hivyo. Mwalimu alinyamaza kidogo, akaniomba nilete leso kipindi kijacho. Nimeleta kisutu, tumekitundika juu ya ubao kwa pini, na sasa hakuna anayesema boda, wote wanasema pindo.

Faida yake niliiona siku ileile. Mwalimu alisema masanduku mawili yakipangwa kawaida, moja juu ya jingine, la juu likiwa limeacha majini ya pikseli 30 (vile vidoto vya kioo) chini yake na la chini pikseli 20 juu yake, nafasi kati yao haiwi 50, inakuwa 30. Vijana walibisha sana. Kwangu halikuwa na shida. Kati ya leso mbili mkasi hupita mara moja.

Nilipokwama ni kwenye hesabu. Nilitaka leso tatu kwa safu, nikaweka kila sanduku upana wa 300 ndani ya ukurasa wa 900. La tatu likaanguka chini. Kumbe ule 300 ni wa mji peke yake: ongeza padingi 20 kila upande na pindo 10 kila upande, sanduku linafika 360. Mimi! Mtu niliyewagombeza mafundi miaka ishirini kwa kukata kitambaa bila kuhesabu upindo. Dawa yake ni mstari mmoja, box-sizing: border-box, ambao unaambia kivinjari kihesabu upindo ndani ya kipimo. Nimeuandika kwenye karatasi na kuubandika kwenye friji.

Wiki ya 5

Picha. Nimezitundika leso uani asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa sababu adhuhuri nyekundu yote hugeuka chungwa. Kila picha ya simu ilitoka na megabaiti 4 hivi. Zidisha mara 41, ni megabaiti 164. Nani atamaliza bando lake kwa kutazama leso za mamangu? Nimezipunguza hadi upana wa pikseli 800, kila moja kama kilobaiti 120, na zote pamoja hazifiki megabaiti 5. Kwa macho yangu hakuna kilichopungua.

Nilitaka kuyaandika majina juu ya picha zenyewe, yawe na mapambo. Mwalimu alikataa, na nilinuna siku mbili. Ana haki. Jina likiwa ndani ya picha, mtu akilitafuta halipati, na simu inayosoma kwa sauti inalipita kimya.

Wiki ya 6

Ukurasa uko kwenye seva ya darasa, kompyuta inayowafikishia wengine kurasa zetu. Kwangu unapendeza. Kwenye simu ya mwalimu, picha tisa hazikuonekana, na pale pa kisutu paliandikwa "Kisutu chekundu kinachong" basi. Kinachong nini?

Makosa yalikuwa mawili, moja likimfichua mwenzake. Picha hizo tisa nilizipa majina yanayoanza kwa herufi kubwa, kwenye ukurasa nikaandika ndogo. Kompyuta yangu inaendeshwa na Windows, haijali; seva inaendeshwa na mfumo mwingine, Linux, inajali sana. Picha isipopatikana ndipo maelezo yake ya maandishi, yanayokaa ndani ya kodi, hujitokeza, na maelezo yangu nilikuwa nimeyazungushia alama moja ya kunukuu badala ya mbili, maana mwalimu alisema zote zinafaa na moja haihitaji kubonyeza Shift. Zinafaa kwa lugha isiyo na ng'. Kivinjari kilifika kwenye "kinachong'ara", kikaiona ile alama, kikadhani nimemaliza kusema. Sasa natumia mbili kila mahali.

Wiki ya 8

Mama mdogo amekuja kutoka Lamu kwa harusi. Nikampa simu, akavaa miwani, akawa anapitisha leso moja moja huku akizisoma majina kwa sauti. Alipofika kwenye "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" alisimama. Chini yake nilikuwa nimeandika: zawadi ya baba.

"Nani kakwambia?"

Nikasema ndivyo nilivyodhani siku zote.

"Baba yako hakuinunua hii. Mamako aliinunua mwenyewe, akaivaa siku tatu mfululizo akipita mbele ya nyumba ya jirani. Siku ya nne yule bibi akahama njia ya sokoni."

Nilifungua faili usiku uleule, nikafuta maneno matatu, nikaandika hayo. Jina la jirani sikuliweka, wajukuu zake ni wateja wangu. Zimebaki leso 40, na mama mdogo anaondoka Jumapili.